Baba Hajambo, Wewe Soma Tu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, simu ya mume wangu inaita mkononi, na anayepiga ni binti yangu. Najua wapo mlionitukana. Mama mmoja ameandika kwa mhariri kwamba mimi sina uchungu wa mwana. Ahsante sana, mama. Yakikufika yako, na wewe uandike tusome.

Kwa anayeanza leo, nifupishe. Mimi ni msusi, mume wangu ni seremala. Tuna binti mmoja tu, yuko chuo kikuu mwaka wa mwisho, na baba yake alimpachika jina la Profesa kabla hajaota meno. Wiki ile ile Profesa alipoanza mitihani yake ya mwisho, baba yake alianguka karakanani, randa ikiwa mkononi. Kiharusi. Fundi magodoro, jirani yake wa karakana, ndiye aliyempakia kwenye gari lake la mizigo akamkimbiza hospitali.

Tangu siku hiyo mume wangu hajasema neno. Macho anafungua, anafumba, basi.

Na Profesa hajui.

Tulikaa kikao cha familia tukakubaliana asiambiwe mpaka aweke kalamu chini. Nasema "tulikubaliana" kwa heshima tu. Mwenye kikao alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye sisi wote tunamwita Spika.

"Mtoto akisikia atatoka mbio katikati ya mtihani," alisema Spika. "Miaka yote ya kusoma iende na maji? Mdogo wangu akiamka akakuta mtoto hana shahada, nani atamjibu? Wewe?"

Akafunga kikao.

Kulikuwa na shida moja. Profesa haingii kwenye mtihani bila kuongea na baba yake kwanza. Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu Kasuku, mdogo wa mume wangu. Huyu tangu utotoni kazi yake ni kuiga watu. Ataiga mwalimu mkuu, ataiga mtangazaji wa redio, ataniiga mimi nikigombana na mteja mwenye kichwa kigumu. Sauti ya kaka yake ndiyo usiseme. Ukifumba macho utaapa ni mwenyewe.

Basi siku zote za mtihani, Profesa akipiga, Kasuku anakuwa baba. Na haikuwa kazi ngumu, maana mume wangu kwenye simu si mtu wa maneno. Ni yale yale: "Umekula? Umesoma? Haya, kata simu, nina kazi."

Turudi kwenye korido.

"Pokea, shemeji," Kasuku akaninong'oneza. "Asipopokelewa ataingiwa na wasiwasi."

"Wasiwasi ninao mimi," nikamwambia. Nikapokea, nikaweka sauti ya nje, nikamsogezea.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Profesa. Umekula?"

"Nimekula."

"Umesoma?"

"Nimesoma, Baba, ila leo naogopa. Kesho asubuhi ndiyo pepa ya mwisho. Naona kama kichwani hakuna kitu kabisa. Nikifeli hii, mahafali sipo."

Hapo Kasuku alitakiwa aseme haya, kata simu, nina kazi. Nilimwona anafungua mdomo kusema hivyo. Lakini tulikuwa tumesimama mbele ya mlango wa wodi, na mlango ule una kioo, na nyuma ya kioo ndipo kilipo kitanda cha kaka yake. Kasuku alitazama. Akauona ule mdomo uliovutwa upande mmoja. Macho yake yakajaa.

"Mwanangu," akasema, bado kwa sauti ya kaka yake, lakini inatetemeka. "Hata usipofaulu. Wewe ni binti yangu. Nakupenda, mama. Pumzika, usijitese."

Nikamfinya mkono mpaka kucha zikaingia.

Upande wa pili nilisikia mtoto anapumua tu.

"Ahsante, Baba," akasema Profesa mwishowe, taratibu sana. Simu ikakatika.

"Umefanya nini wewe!" nikamgeukia Kasuku.

"Imenitoka, shemeji."

"Kaka yako amemwambia mtu anampenda lini? Mimi mkewe, nimemzalia, nimempikia, sijawahi kulisikia hilo neno likitoka kwenye kinywa chake!"

"Labda mtoto amefurahi."

"Labda," nikasema. Nilitaka iwe hivyo. Mtu akiogopa sana, hushika hata unyasi.

Kabla hatujakaa, Spika huyo anaingia. Amebeba suti kwenye mfuko wa nailoni, ameinyanyua juu isiguse sakafu.

"Nimepitia kwa fundi cherehani," akasema. "Tazama ilivyokaa. Kiuno kimepunguzwa, mikono imeshushwa. Siku ya mahafali atakaa mstari wa mbele na suti yake."

Nguo ya mume wangu. Aliipima mwenyewe mbele ya kioo changu cha saluni, akanikataza nisimcheke. Nikaipokea, nikaikumbatia.

Nesi akatoka wodini. Akaiona suti, akatuona sisi na macho yetu mekundu. Akaniwekea mkono begani.

"Mama, bado hatujafika huko," akasema kwa upole. "Hiyo nguo irudisheni nyumbani."

Mwanzoni sikumwelewa. Nilipomwelewa, nikaegemea ukuta. Nesi alidhani tumeleta nguo ya kumvika maiti.

Spika alikaa kwenye benchi akajifunika uso kwa mtandio.

Mara daktari akaniita pembeni, Kasuku na Spika wakanifuata. Ukiitwa pembeni na daktari, ujue hakuitii neema.

"Mama, mna watoto?"

"Mmoja. Yuko kwenye mitihani."

"Damu imevujia kwenye ubongo, na usiku wa jana imeongezeka. Kesho asubuhi tunampasua. Sitaki nikufiche. Anaweza kuamka, anaweza asiamke. Kama kuna mtu anayepaswa kumwona, amwone leo."

"Kesho asubuhi ndiyo ana mtihani wa mwisho, daktari. Akimaliza tu, anakuja."

"Mambo ya mitihani mimi siyajui, mama. Nimesema leo."

Akamkabidhi Kasuku karatasi ya dawa za kwenda kutafuta madukani kabla ya upasuaji, akaondoka zake. Viatu vyake vilikuwa vinapiga kelele kwenye sakafu na mimi nikawa navisikiliza kama mjinga.

"Mmesikia," nikasema. "Namwita mtoto."

Spika akainuka. "Hapana! Imebaki siku moja. Moja! Tumevumilia zote hizi, leo ndiyo utaharibu?"

"Na baba yake asipoamka?"

"Usimwite mdogo wangu maiti!"

"Sijamwita maiti, wifi. Nakuuliza wewe. Asipoamka, utamwambia nini Profesa? Utamwambia baba yako alikuwa anakungoja, sisi tukakwambia hajambo, wewe soma tu?"

Spika akajifuta uso kwa mtandio. Alikuwa analia. Naye ni dada wa mtu, jamani, msimchukie. Kila mmoja wetu alikuwa anaogopa kwa namna yake, na yake ilikuwa ni kutoa amri.

"Leo kikao nimekifunga mimi," nikasema. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumjibu hivyo.

"Mpigie simu basi," akasema Kasuku.

"Kwa simu? Simu yetu imejaa uongo mpaka pomoni. Naenda mwenyewe, nimshike mkono, nimwambie, nije naye."

Kasuku akaahidi atatafuta dawa, kisha arudi asubiri saa ya kuona wagonjwa. Spika alikuwa amezidiwa, presha imepanda, tukamwambia akapumzike nyumbani. Nesi akasema mgonjwa tumwache apumzike, mchana hawaruhusu mtu. Nikamchungulia mume wangu kwa kile kioo. Alikuwa amefumba macho. Nikasema kimoyomoyo, nivumilie, nakwenda kumleta.

Nilipanda basi sijui nimekanyaga wapi. Njia nzima nafanya mazoezi ya kusema. Mwanangu, baba yako anaumwa kidogo. Hapana, kidogo ni uongo mwingine. Mwanangu, kaa chini kwanza. Hapana, mtu ukimwambia akae chini ameshakufa nusu. Mimi huwa nasuka huku naongea kutwa, wateja wananiambia mdomo wangu haujui likizo. Siku hiyo sikupata hata sentensi moja ya kumwambia mwanangu mwenyewe.

Mzee aliyekaa karibu yangu akanitazama mapajani.

"Unakwenda kwenye mahafali, bibie?"

Nikaangalia. Suti! Katika kuchanganyikiwa nimetoka hospitali na suti ya mume wangu, nimeipakata kama mtoto mchanga.

"Ndiyo," nikamjibu. Nishauzoea uongo, unatoka wenyewe.

"Hongera sana. Mtoto akifika hapo, mzazi unapumua."

Nikageuza uso dirishani. Kulikuwa na basi linakuja upande wa pili, likatupita kwa upepo mkali, nikalisindikiza kwa macho bila sababu.

Chuoni nilikuta watu wanatembea wanaongea peke yao, makaratasi mkononi, macho yameingia ndani. Msimu wa mtihani, hata mwenye akili zake utamdhania kachanganyikiwa. Nikapanda ngazi za bweni la wasichana, napumua kama mvukuto. Nikabisha.

Aliyefungua ni mwenzake wa chumba, miguu inadondosha maji. Alikuwa ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue.

"Mama!" akashtuka. "Karibu. Shikamoo. Umekuja na yeye?"

"Marahaba. Nimekuja na nani?"

Akatazama kitanda cha Profesa, nami nikatazama. Kimetandikwa, shuka limenyooshwa, hakuna hata mkunjo. Vitabu vimefungwa, vimepangwa mezani. Juu ya msumari limening'inia joho lake, jipya, bado lina mikunjo ya kiwandani. Mtu mwenye mtihani kesho asubuhi, vitabu vimefungwa.

"Yuko wapi mwenzako?"

"Mama, ameondoka tangu asubuhi. Alipomaliza kuongea na baba yake alikaa hapo kitandani, simu mkononi. Nikamuuliza vipi, akasema, 'Huyu si Baba.'"

"Alisemaje?"

"'Huyu si Baba.' Nikamcheka. Nikamwambia hilo ni wenge la mtihani, nenda kaoge. Akasema tena, 'Huyu aliyeongea na mimi si baba yangu.' Halafu akatoka na simu nje, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amebadilika, mama. Hakulia, hakusema. Akatandika kitanda, akabeba mkoba, akaenda. Nikimpigia hapokei."

Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mwaka jana kuna mwenzetu mmoja alianza hivi hivi, kuongea maneno yasiyoeleweka wakati wa mitihani. Walimkuta..."

"Nyamaza, mwanangu. Nakuomba unyamaze."

Nikakaa kwenye kile kitanda. Kule hospitali mume yuko kwenye kufa na kupona, na huku mtoto mmoja hajulikani alipo, na huyu wa pili mimi ndiye niliyemfikisha hapo kwa mdomo wangu. Niliogopa, jamani. Nilipiga namba ya Profesa kwa simu yangu nikikosea tarakimu, nikarudia.

Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mama, shikamoo."

Nilitaka kupiga kelele ya furaha. Nikajizuia nisimtishe.

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Niko chumbani, Mama. Nimejilaza kitandani, nasoma."

Sikusikia vizuri? Nilisikia vizuri sana. Yule mwenzake alisikia pia, maana alijiziba mdomo kwa mkono. Mimi nimekaa juu ya kitanda hicho hicho. Mto wake uko ubavuni pangu.

Huyu mtoto yuko wapi? Yuko na nani? Kwa nini ananong'ona?

Sasa, msomaji, mama mwenye akili angesema: Mwanangu, mimi niko hapa chumbani kwako, niambie ukweli. Si ndiyo? Lakini niliogopa. Nikajiambia nikimshtua atakata simu, na akikata sitampata tena. Nikaona nimshike kwa maneno laini kwanza.

"Vizuri," nikasema. "Soma, mama."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi? Niko hapa karakanani kwa baba yako. Nimemletea chakula."

"Hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anapiga kazi."

"Mpe simu nimsalimie."

Nikatazama huku na huku kana kwamba Kasuku atatokea uvunguni. Mwenzake alinikodolea macho. Joho linaning'inia pale, na mimi natafuta uongo mwingine wa kuziba ule wa kwanza.

"Hawezi kushika simu sasa hivi, mwanangu. Anapaka vanishi. Mikono yote miwili imejaa vanishi."

Nikasikia nyuma yake sauti ya magurudumu yanasukumwa kwenye sakafu ngumu, na mtu anakohoa.

"Mama," akasema Profesa. "Mikono yake hii hapa. Nimeishika mimi."

Nikaibana simu sikioni.

"Fundi magodoro kaniambia kila kitu. Nilipompigia alidhani najua, akaanza kunipa pole. Nimefika, nesi kaniruhusu, hakuna mtu hapa hata mmoja. Nimekudanganya kwamba nasoma, Mama, nilitaka nione na wewe utanidanganya mpaka wapi." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Baba hajawahi kuniambia ananipenda. Baba angesema acha kulialia, kasome. Mlinionaje nyinyi? Mlidhani simjui baba yangu?"

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuja kukuchukua. Wallahi niko hapa chumbani kwako, nimekaa kitandani kwako, muulize mwenzako..."

"Siku zote hizi mlinifanya niwe nacheka naye kwenye simu!"

"Nisamehe. Nisikilize, ongea naye, anasikia. Daktari alisema anasikia. Mwambie umefika, mwambie..."

"Nimemwambia. Nimemwambia tangu nimekaa. Hafungui macho."

"Huwa anachelewa kufungua. Mwite tena."

Nikamsikia anaita. "Baba. Baba, ni mimi, Profesa." Akaita mara nyingine, kwa nguvu zaidi. Nami huku nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi, suti imeanguka kwenye beseni la maji na hakuna aliyeiokota.

"Mama." Hasira yote ilikuwa imemtoka. Ilibaki sauti ya yule mtoto wangu mdogo aliyekuwa akiogopa radi. "Mama, mbona mikono yake ina baridi hivi?"

"Mwite nesi," nikasema.

"Nilipoishika mwanzo haikuwa hivi."

"Mwite nesi, mwanangu! Piga kelele, mwite!"

Nikasikia anapiga kelele. Nikasikia viatu vinakimbia, na sauti ya chuma, na sauti ya mwanamume inatoa amri nisizozielewa. Kisha Profesa akarudi kwenye simu, analia kwikwi.

"Mama, wamevuta pazia. Wananiambia nitoke nje."